Bledi ya nyuma ya trekta ndogo kwa kuondoa theluji: uzoefu wangu

Nimesafisha njia ya kuingilia nyumbani kwa bledi ya nyuma, yaani bamba la chuma la kukwangua theluji, kwa misimu kadhaa ya baridi, na naipendekeza kwa moyo mweupe. Ila mtu aelewe kwanza anachonunua. Bledi inayokokotwa nyuma ya trekta haifanyi kazi kama ile inayosukuma mbele ya lori, na anayeinunua akitarajia kazi ya lori ataichukia mapema.

Yangu ina upana wa mita 1.8, na trekta ni ndogo, ya nguvu farasi 25, inayovuta kwa magurudumu yote manne. Inafungwa kwenye mikono mitatu ya nyuma: pini mbili za chini na moja ya juu. Hakuna shafti ya kuzungusha, hakuna mnyororo, hakuna kitu cha kuchomoka chenyewe katikati ya kazi. Ni chuma, bolti na pini. Hilo peke yake ni sababu kubwa ya kuipenda, kwa maana mashine yenye vipande vingi huharibika siku ile ile unayoihitaji, na siku hiyo huwa na upepo na giza.

Upana ni jambo ambalo wauzaji hawalielezi vizuri. Bledi ikikaa imenyooka kabisa nyuma ya trekta hukusanya theluji mbele yake na kuikokota tu. Ili iimwage pembeni lazima uikate pembe, yaani uigeuze ikae mshazari, na ukiikata inapungua upana. Hiyo yangu ya mita 1.8, ikikaa pembe ya digrii 30, inafagia takriban mita 1.56, ikifika digrii 45 inabaki kama mita 1.27. Sasa pima trekta yako kutoka ukingo wa nje wa tairi moja la nyuma hadi la pili. Bledi iliyokatwa pembe isipozidi kipimo hicho, tairi la upande mmoja litakuwa linakanyaga theluji ambayo makali hayaifikii. Kwa sababu hiyo usinunue bledi inayolingana na matairi yako ikiwa imenyooka.

Ubaya wake mkubwa uko hapa: trekta hupita juu ya theluji kabla bledi haijaifikia. Theluji ikiwa ya sentimita tano hadi kumi na ni kavu, hakuna tatizo, makali yanaizoa pamoja na alama za matairi. Ikizidi hapo, au ikiwa na maji, tairi huibana ikawa kama ubao. Unageuka nyuma na kuona mistari miwili inayong'aa, nakshi ya tairi imechorwa ndani yake, na bledi imepita juu yake bila kuikwaruza. Kesho yake mistari hiyo ni barafu.

Wengi hudhani dawa ni kuikandamiza bledi chini. Haiwezekani. Kwenye trekta nyingi ndogo haidroli ya mikono ya nyuma hunyanyua tu. Kushuka, bledi hushuka kwa uzito wake yenyewe. Ndiyo maana mimi naamini katika bledi nzito. Ile nyepesi ya bamba jembamba inaruka juu ya theluji iliyobanwa, na watu huishia kuifungia vyuma na mawe juu yake. Ukiwa dukani, tazama unene wa bamba na wa ile nguzo inayolishikilia kabla hujatazama rangi.

Dawa ya kweli ni kuwahi. Sisubiri mvua ya theluji ikatike. Ikishafika kina cha kifundo cha mguu natoka, napita, narudi ndani, kisha natoka tena. Pale ambapo imeanguka usiku kucha na imekuwa nyingi, naizungusha bledi nyuzi 180 ili tumbo lake litazame nyuma, kisha nasukuma kwa kinyumenyume. Hapo makali yanakutana na theluji kabla ya matairi, na njia inatoka safi kabisa. Kazi hiyo inachosha shingo, siwezi kuficha. Pia inataka utulivu wa mguu: mikono ya chini imeundwa hasa kwa kuvuta, na ukigonga jiwe lililoganda ukiwa unasukuma kwa kasi, unaweza kupinda mkono au kuvunja pini inayoshikilia pembe ya bledi. Gia ya chini kabisa, mwendo wa mtu anayetembea. Kabla ya kuizungusha hivyo mara ya kwanza, hakikisha ncha zake hazigusi matairi ya nyuma. Kwenye trekta nyingine nafasi ni finyu.

Kaza pia vizuizi vya pembeni vya mikono ya chini. Bledi iliyokatwa pembe husukumwa upande mmoja na theluji iliyobebwa nayo, na mikono ikiwa imelegea itayumba hadi kugusa tairi.

Njia yangu ni ya changarawe, na hapo ndipo bledi inahitaji akili zaidi kuliko kwenye lami. Ardhi isipoganda, makali yatazoa kokoto na kuzitupa kwenye majani, na utazikusanya kwa reki msimu mzima wa joto. Theluji ya kwanza naiacha ishindiliwe, igande, iwe sakafu. Baada ya hapo viatu vya chini, yaani vyuma vinavyoteleza ardhini chini ya bledi, nimeviweka ili makali yabaki juu kidogo ya ardhi, kama sentimita mbili au tatu. Mkono wa juu nao una kazi yake: ukibadilisha urefu wake unabadilisha mlalo wa bledi. Makali yakielekea mbele, yanachimba. Kichwa cha bledi kikiinamia mbele, makali yanaburuzika juu ya changarawe bila kuing'oa. Asiye na viatu hivyo anaweza kupasua bomba kwa urefu wake na kulivika kwenye makali kwa bolti. Linateleza juu ya kokoto vizuri sana.

Kuhusu kuteleza kwa trekta yenyewe, kuna jambo lililonichukua muda kuliona. Bledi ikiwa juu, uzito wake unaelemea matairi ya nyuma na trekta inashika ardhi. Ukiishusha, uzito ule unahamia kwenye theluji, na matairi yanabaki mepesi wakati ule ule unapoyadai yavute. Kwenye kamlima kangu karibu na lango tofauti inaonekana wazi: gurudumu linazunguka bure, naiinua bledi kidogo sana, linashika tena. Kwa hiyo minyororo ya matairi ya nyuma kwangu si pambo, ni sehemu ya kifaa. Matairi mapana ya kazi za ujenzi, ambayo huja na trekta nyingi ndogo, ni mabaya juu ya barafu. Kuyajaza kimiminika kisichoganda kunasaidia pia. Wanaotumia kloridi ya kalsiamu wakumbuke kwamba inakula rimu ikivuja.

Halafu kuna suala la mahali pa kuitupa theluji, ambalo watu hulifikiria wakiwa wamechelewa. Bledi haitupi mbali kama mashine ya kupuliza. Inasogeza pembeni tu, na kila mvua ya theluji inaongeza ukuta. Mwanzoni mwa msimu nasukuma mbali kupita ninavyohitaji, mita moja zaidi kila upande, maana ukuta ukishaganda hausogei, na kila pasi inayofuata inaifinya njia. Upande unakotoka upepo sijengi ukuta mrefu karibu na njia, kwa sababu theluji inayopeperushwa hutua nyuma yake, yaani juu ya njia yenyewe. Vijiti vya alama navichomeka kabla ardhi haijaganda. Na theluji yangu haivuki lango kwenda barabarani, ambako mtu mwingine ataigonga kwa gari.

Kuna kazi moja ambayo bledi haiiwezi na sitaitetea: tuta ambalo malori ya kusafisha barabara huliacha mdomoni mwa njia. Ile ni theluji iliyobanwa, imechanganyika na chumvi na vipande vya barafu. Naishughulikia kwa baketi la mbele, nabeba na kumwaga kando, kisha bledi inasawazisha. Nikiwa na njia ndefu zaidi, au ningekuwa mahali ambapo theluji hupita goti mara kwa mara, ningechukua mashine ya kupuliza inayozungushwa na shafti ya nyuma kwa mizunguko 540 kwa dakika, na ningekubali gharama yake, pini zake zinazokatika ikigonga kitu kigumu, na kuendesha kinyumenyume kila siku.

Baridi kali huigusa trekta kuliko bledi. Dizeli ya kawaida ina nta ambayo huganda na kuziba kichujio, kwa hiyo tangi liwe na dizeli ya msimu wa baridi kabla baridi haijafika. Haidroli nayo huwa nzito. Naiwasha injini, naitoa nje ya banda ili moshi usijae ndani, naiacha ipate joto huku nikinyanyua na kushusha mikono polepole. Bledi yenyewe inataka grisi kwenye kizungushio na nta au silikoni usoni ili theluji isiigandie. Makali yanapolika upande mmoja, kwenye bledi nyingi unafungua bolti, unayapindua, na unapata upande mpya.

Ninachokilalamikia ni ile pini ya kubadilishia pembe. Kila ninapotaka kumwaga upande wa pili lazima nishuke, niivute ikiwa imeganda kwenye tundu lake, wakati mwingine kwa nyundo, niisukume bledi kwa bega hadi matundu yakutane, niirudishe, nipande tena. Glavu zimelowa, vidole havihisi kitu. Nikishuka sasa huwa naegemeza bledi chini na kuzima injini kwanza, nao ni muda unaopotea. Bledi zinazogeuzwa kwa silinda ya haidroli zipo, ila trekta lazima iwe na matundu ya mafuta ya haidroli nyuma, na yangu haikuja nayo. Kama yako inayo, hiyo ndiyo nyongeza ya kulipia kabla ya nyingine yoyote. Mimi ninatafuta seti ya kufunga valvu za matundu hayo kabla ya msimu ujao.