Tathmini ya menuconfig: Kupanga Draiva za Hifadhi katika Kerneli ya Linux

Kwa yeyote anayeunda kerneli ya Linux kwa ajili ya bodi ndogo kama BeagleBone Black, naipendekeza menuconfig, yaani menyu ya kuchagulia vipengele vya kerneli (kiini cha mfumo) kabla ya kuiunda, bila kusita, ingawa sehemu yake ya hifadhi inadai umakini mkubwa. Ukibonyeza alama ya mkwaju (/) na kuandika MMC_BLOCK, chaguo la draiva inayowezesha kadi ya kumbukumbu kutumika kama diski, utaonyeshwa chaguo hilo lilipo na linategemea nini, jambo linalookoa muda mwingi katika menyu yenye maelfu ya machaguo.

Udhaifu wake ni kwamba haikutahadharishi unapochagua M (draiva iwe moduli, yaani faili la pembeni linalopakiwa baadaye) mahali panapohitaji Y (draiva iwe ndani ya kerneli). Draiva ya kadi ikiundwa kama moduli, na moduli hiyo ikahifadhiwa ndani ya kadi ileile inayosubiri kusomwa, kerneli haitaweza kuupandisha mfumo wa mafaili wa mzizi na itasimama papo hapo, isipokuwa uwe umeandaa initramfs (mfumo mdogo wa mafaili wa muda unaopakiwa kwenye RAM wakati wa kuwasha) yenye moduli hiyo. Ni heri MMC (msingi wa draiva za kadi), MMC_BLOCK, draiva ya kidhibiti cha chipu yako na EXT4_FS (mfumo wa mafaili wa ext4) vyote viingie ndani ya kerneli yenyewe. (Usisahau pia kuweka rootwait, inayoiambia kerneli isubiri hifadhi ya mzizi, katika vigezo vya kuwashia, kwa sababu kadi huchelewa kutambuliwa.)

Maelezo ya msaada hayamwelekezi vya kutosha mgeni anayepaswa kutofautisha eMMC, hifadhi ya flashi iliyounganishwa kwenye bodi, ambayo ina kidhibiti chake cha ndani na hutumia ext4 vizuri, na NAND ghafi, yaani chipu ya flashi isiyo na kidhibiti chake, inayohitaji MTD (draiva za flashi ghafi), UBI (tabaka la kusimamia flashi hiyo) na UBIFS (mfumo wa mafaili unaokaa juu ya UBI).