Seti za shada la Majilio: kabla ya mishumaa, kagua kijitabu

Boksi la shada la Majilio (majuma ya kujiandaa kwa Krismasi) linalouzwa kwenye maduka ya vitabu vya dini kwa kawaida lina vitu vitatu: duara la kuwekea mishumaa, mishumaa minne (mitatu ya zambarau, mmoja wa waridi) na kijitabu cha tafakari. Wanunuzi hunusa mishumaa, wakaipima unene, wakalipa. Kijitabu hawakifungui, na huko ndiko boksi huharibikia.

Anza na ukurasa wa Dominika (Jumapili) ya kwanza. Majilio ya 2026 yanaanza 29 Novemba, nayo yanafungua Mwaka B, wa pili katika mzunguko wa miaka mitatu (A, B na C) wa masomo ya Misa. Injili ya siku hiyo ni Marko 13:33-37, bwana aliyesafiri akamwagiza bawabu akeshe. Ukikuta Mathayo 24, umeshikishwa kijitabu cha 2025. Ukikuta hori na wachungaji, kirudishe tu, maana aliyekiandika hakufungua kitabu cha masomo. Katika Injili za Dominika zote nne za mwaka huu Mtoto bado hajazaliwa: ya pili ina Yohane Mbatizaji jangwani, ya tatu ni yeye tena akihojiwa na makuhani na Walawi, na ya nne ndipo Gabrieli anapofika Nazareti. Kanisa huanza na Kristo atakayerudi kwa utukufu, kisha hushuka taratibu hadi kuzaliwa kwake. Mtakatifu Bernardo, mtawa wa karne ya 12, alitaja na ujio wa katikati, Kristo anapomjia mtu moyoni sasa hivi. Kijitabu kizuri huugusa huo kwa swali moja la kufanyia kazi siku hiyo. Ukurasa mzima wa mawaidha baada ya chakula cha jioni, watoto wameshasinzia.

Kijitabu cha zamani kinachouzwa bei ya kutupa si hasara. Mzunguko wa A, B na C unahusu Dominika. Masomo ya siku za juma katika Majilio karibu yote hurudi yaleyale kila mwaka. Dominika zisome kwenye Biblia, zingine zifuate humo.

Ila angalia 17 Desemba. Kuanzia hapo siku za juma hufuata tarehe, si wiki. Mwaka 2026 tarehe hiyo ni Alhamisi ya wiki ya tatu, na Injili ni ukoo wa Yesu, Mathayo 1:1-17. Kijitabu kinachoendelea kuandika "Alhamisi, wiki ya 3" bila tarehe kitakupoteza hadi mkesha. Siku hizo ndizo pia za antifona saba (viitikio vifupi) za Masifu ya Jioni, sala ya Kanisa ya jioni, kuanzia "Ee Hekima" hadi "Ee Emanueli". Herufi za kwanza za majina ya Kristo yaliyomo, kwa Kilatini, zikisomwa kinyumenyume, ni ERO CRAS, yaani "kesho nitakuwapo". Kijitabu kisichozitaja kimeruka utamu wenyewe.

Mishumaa sasa. Kila Dominika huongezwa mmoja, na iliyotangulia huendelea kuwashwa. Ukiwasha dakika 15 kila jioni hadi 24 Desemba, wa kwanza utawaka siku 26, sawa na saa 6 na nusu. Wa pili siku 19, saa 4 na dakika 45. Wa tatu siku 12, saa 3. Wa nne siku 5, saa 1 na robo. Mishumaa ya boksi huwa na urefu mmoja, kwa hiyo wa kwanza ndio wa kujaribu: uwashe dakika 15, pima kwa rula umepungua kiasi gani, zidisha kwa 26. Jibu likizidi urefu wake, nunua wa ziada wa zambarau. Ule wa waridi ni wa Dominika ya tatu, 13 Desemba, hata kama picha ya boksi imeuweka wa mwisho.

Duara la bati ni bora kuliko la plastiki, ambalo hulainika mshumaa ukifikia chini na kuuacha uiname. Matawi mabichi hukauka mapema, na makavu hushika moto upesi. Yabadilishe kila Dominika unapowasha mshumaa mpya.