Uzoefu wangu kliniki ya mgongo: niliweka kidole panapouma, daktari hakutazama

Naandika nikiwa bado na hasira, na nilidhani kufikia sasa ingekuwa imepoa. Kliniki siitaji jina, wenyewe wanajijua. Ni ya wale wanaojinadi kuwa mabingwa wa mgongo, ukiingia tu unakutana na uti wa mgongo wa plastiki umening'inizwa kila kona. Jengo safi, mapokezi wana adabu, foleni inakwenda. Huko sina lawama. Lawama yangu iko kwenye chumba cha daktari, na haitoki.

Maumivu yangu yako upande wa kulia, chini ya kiuno na juu ya tako, jirani na kile kishimo kinachoonekana pale mgongo unapoishia. Hayahamihami. Nayafikia kwa ncha ya kidole kimoja. Yalianza wakati wa ujauzito, nikajifungua, yakabaki. Kugeuka kitandani usiku ni shughuli: nashika ukingo wa godoro, natanguliza mabega, kisha navuta nyonga huku nimeuma meno. Kuvaa suruali nikiwa nimesimama kwa mguu mmoja sithubutu. Kuinuka kitini, kupanda ngazi, kushuka kwenye gari, yote yanachoma palepale. Siku mbaya yanateremka nyuma ya paja na kuishia kabla ya goti.

Haya yote nilimweleza daktari. Nikasimama, nikampa mgongo, nikapandisha blauzi na kuweka kidole. "Daktari, ni hapa." Macho yake yalikuwa kwenye picha za MRI. Akasema, "Mama, una diski imetokeza. Na kwa uzito huo, mgongo lazima ulalamike." Nikamwambia, "Lakini daktari, katikati ya mgongo hapaniumi. Panauma hapa pembeni." Akajibu, "Ni hiyohiyo," akaendelea kuchapa kwenye kompyuta. Nikabaki nimesimama vile, kidole kimegota, namsubiri ageuke. Hakugeuka. Nilitoka na dawa za kutuliza maumivu na mshipi mpana wa kiunoni wenye vyuma, bila mkono wake kunigusa hata mara moja.

Hiyohiyo na nini?

Sikatai kwamba diski, yale matakia yaliyo kati ya pingili za mgongo, huumiza watu, na huenda picha zilionyesha alichokiona. Lakini diski iliyotokeza huonekana hata kwa watu wasio na maumivu yoyote. Kwa watu wa miaka 20 wasiolalamika chochote, takriban 30% wanayo, na ukifika miaka 80 ni zaidi ya 80%. Picha peke yake haimwambii daktari panauma wapi. Mgonjwa ndiye anayemwambia, na mimi nilikuwa namwambia!

Aliyenisikia yupo kwenye jengo hilohilo, chumba cha mwisho, kule kwenye vitanda vya fiziotherapia. Huyo dada, kabla hajafungua faili, alisema, "Pole sana dada. Nionyeshe panapouma, kwa kidole kimoja tu." Nikaonyesha. Akanizungumzisha mambo mengine, kisha akaniambia nionyeshe tena. Kidole kikatua palepale. Akatikisa kichwa kukubali, akasema mtu anayerudi kila mara mahali hapo, chini kidogo ya ule mfupa unaochomoza nyuma ya nyonga, anampa sababu ya kupima kiungo cha sakroiliaki, pale mwisho wa uti wa mgongo unapokutana na nyonga.

Ndipo nikapimwa kama binadamu. Nililala chali, akakunja goti langu, akapitisha kiganja chini ya mfupa wa kiuno na kusukuma paja kwenda chini kwa uzito wa mwili wake. Yale maumivu yangu yakaja yenyewe, si mengine. Nikalala ubavu, akaikandamiza nyonga kutoka juu. Nikalala kifudifudi, akasukuma katikati ya mfupa wa kiuno kwa kiganja. Nikakumbatia goti moja huku mguu wa pili ukining'inia nje ya kitanda. Kila mara aliuliza kama ni maumivu yaleyale ninayoyajua, au ni kuvutika tu. Akanieleza kwamba kipimo kimoja hakitoshi kusema lolote. Vikifika vitatu na kuendelea vinavyoamsha maumivu yaleyale, hapo kiungo hicho kinashukiwa kwa nguvu. Hata hivyo hakuapa. Alisema uhakika zaidi hupatikana kwa kuchoma sindano ya ganzi ndani ya kiungo chenyewe, sindano ikiongozwa na picha, na kuona kama maumivu yanaondoka. Kwangu aliona tuanze na mazoezi.

Akachukua mmoja wa ile migongo ya plastiki, ambao kwa daktari ni pambo, akanionyesha. Chini kabisa ya uti wa mgongo kuna sakramu, pingili 5 zilizoungana kuwa mfupa mmoja. Kulia na kushoto inakutana na mifupa ya nyonga, na sehemu zinapogusana zina umbo la sikio, zimeparuza na kuingiana. Uzito wote wa kiwiliwili unapita hapo kwenda miguuni, na mishtuko ya kutembea inapita hapo kurudi juu. Kiungo chenyewe hakichezi sana, ni digrii chache tu na milimita moja au mbili, maana kimefungwa na ligamenti, yaani nyuzi zinazoshikanisha mifupa, ambazo ni kati ya zile imara kabisa mwilini. Ujauzito hulegeza ligamenti hizo ili nyonga ziweze kuachia wakati wa kuzaa. Kwa hiyo ningekuwa na swali moja tu la kumwuliza yule daktari: mwanamke anakwambia maumivu yalianza akiwa mjamzito, na wewe unatazama diski?

Tena si kiungo kigeni. Madaktari wa Marekani, Goldthwait na Osgood, waliandika juu yake kama chanzo cha maumivu ya mgongo mwaka 1905. Mwaka 1934 madaktari wengine wa huko, Mixter na Barr, wakatoa makala yao kuhusu diski inayobana neva, na tangu hapo macho ya wengi yakahamia kwenye diski. Makadirio ya kawaida ni kwamba kati ya 15% na 30% ya maumivu sugu ya kiunoni yanatoka kwenye kiungo hiki. Hao si wagonjwa wachache wa kuambiwa "ni hiyohiyo".

Na ule mshipi! Nilikuwa naufunga kiunoni, juu, kama nilivyoelekezwa dirisha la dawa, na unanibana mbavu nikikaa. Dada alipouona alinyamaza kidogo. Akanitafutia mwembamba, akaushusha hadi chini ya ile mifupa inayochomoza mbele ya nyonga, akaukaza ukizunguka matako. "Sasa simama kwa mguu wa kulia." Nikasimama. Sikushika ukuta. Machozi yalinitoka mbele ya watu na sikujali.

Nilipokuwa nahesabu mazuri hayo nilikuwa tayari kuisifu kliniki nzima, kwa kuwa yeye ni mtumishi wao. Maumivu yamepungua sana. Nafanya mazoezi ya matako na ya misuli ya tumbo ya ndani, nalala ubavu na mto katikati ya magoti, najigeuza bila kushika godoro. Hayajaisha, kuna siku yanarudi nikibeba mtoto upande mmoja. Lakini naishi.

Kisha nikakumbuka maswali ambayo dada aliniuliza na daktari hakuyauliza. Asubuhi unakakamaa zaidi ya nusu saa? Ukipumzika yanazidi, ukitembea yanapungua? Umewahi kuugua jicho jekundu lenye maumivu? Kuna mtu kwenu ana ugonjwa wa ngozi wa kutoka magamba? Aliuliza kwa sababu kuna baridi yabisi ya uti wa mgongo, ankilozingi spondilaitisi, ambayo huanzia kwenye kiungo hikihiki, mara nyingi kwa vijana, na isipogunduliwa mapema inaweza kugandisha mgongo. Mimi sina dalili hizo. Lakini aliyekaa kwenye foleni nyuma yangu alikuwa kijana, amejiinamia, anashika mahali palepale ninaposhika mimi. Naye aliingia kwa daktari yuleyule. Nikifikiri hivyo nashindwa kabisa kuwasifu.

Walinitumia fomu ya maoni. Ina sehemu ya daktari, ya mapokezi na ya usafi. Fiziotherapia haimo. Nikaandika pembezoni, hakuna aliyenijibu.

Nawapa nyota moja, na isisomeke kuwa ya daktari. Ukilazimika kwenda pale, waambie mapokezi kwamba unataka kuanzia chumba cha mwisho. Wakikwambia lazima upitie kwa daktari kwanza, chukua picha zako uondoke.