SoHo ya New York: shopping iko poa, ila sanaa muitafute ghorofani

Wadau nimemaliza siku mbili nazunguka SoHo pale Manhattan kwa miguu, nikaona niwaandikie maana huu mtaa ukikaa na watu wa mipango miji lazima utajwe.

Kwanza maduka, najua ndo mnaulizia. Yako vizuri sana. Broadway imejaa majina makubwa, watu wanasukumana, ukichoshwa na kelele unaingia Mercer au Greene huko kuna barabara za mawe na majengo ya chuma cha kumimina kwenye kalibu ya miaka ya 1800, madirisha makubwa balaa, unajikuta unaangalia juu badala ya vioo vya duka. Shida ni pa kukaa, ukitaka kupumzisha miguu bila kununua kitu hamna kabisa.

Sasa utamaduni. Hapa ndo nina neno. Haya majengo yalikuwa viwanda na maghala, viwanda vikaondoka, jiji likawa na mpango wa kupitisha barabara kuu juu yake mpaka ulipofutwa 1969, na wakati huo wasanii walishahamia kwenye zile lofti (kumbi kubwa za wazi za viwanda hivyo) kinyume cha sheria maana zilikuwa na nafasi na mwanga na kodi ndogo. Mwaka 1971 jiji likabadilisha kanuni za zoni (zinazosema eneo gani litumike kwa shughuli gani) likawaruhusu wasanii wenye cheti cha jiji cha kuthibitisha ni wasanii kuishi humohumo wanamofanyia kazi, halafu 1973 majengo yakalindwa kama eneo la kihistoria. Mimi naona hapo ndo penye funzo lote, kwa sababu hadhi ya kihistoria inalinda ukuta na dirisha, hailindi mpangaji. Sura ya jengo ilibaki, galari nyingi (kumbi za kuonyesha sanaa) zikahama kodi ilipopanda, na mabutiki yakaingia chini yake.

Unajua zilizobaki ni zipi? Ni zile ambazo kuna mtu alishika jengo au chumba akakataa kuachia. Msanii Donald Judd alinunua jengo la 101 Spring Street mwaka 1968, ghorofa tano, na leo unaingia na mtu wa kukutembeza (tiketi kata mapema). Halafu 141 Wooster, jamani. Unabonyeza kengele, unapanda ngazi, harufu ya udongo mbichi inakupokea kabla hujaona chochote, kisha unakuta chumba cha mita za mraba 335 kimejaa udongo kina cha sentimita 56, basi, udongo tu, kazi ya Walter De Maria iliyoko hapo tangu 1977 na inatunzwa na taasisi ya sanaa ya Dia Art Foundation. Bure. Picha hawaruhusu. Nilisimama pale kwenye kioo muda mrefu sana, nikawaza nje ya huu ukuta kila futi inapigiwa hesabu ya kodi na humu ndani chumba kizima kimepewa udongo, nikajisikia kulia kweli.

Mwaka 2021 baraza la jiji likapitisha mpango mpya wa SoHo na mtaa jirani wa NoHo, ilikadiriwa zitaweza kujengwa nyumba zaidi ya 3,000 na kama 900 za bei nafuu, na hilo naliunga mkono kwa moyo wote, mtaa wa matajiri watupu unakufa. Masharti ya zamani ya maduka ya chini nayo yakalegezwa. Lakini kwenye sanaa sijaridhika. Walichoweka ni kwamba anayetaka kugeuza lofti ya msanii kuwa nyumba ya kawaida achangie dola 100 kwa kila futi ya mraba kwenye mfuko wa sanaa, jambo lililoishia mahakamani, na hata lingepita bila kesi bado pesa sio chumba. Msanii anahitaji mlango, sakafu ya kubeba mzigo na mkataba wa miaka mingi. Ningekuwa mimi napanga ningetenga vyumba vyenyewe, viandikwe kwenye kanuni ya zoni kama vile inavyoandikwa idadi ya nyumba nafuu.

Maduka nawapa 4 kwa 5, mtaa kama mtaa wa utamaduni nawapa 3, na zote tatu zimetoka ghorofani.

Mkienda anzeni na Wooster kabla ya duka lolote, angalieni tu ratiba yao maana wanafunga majira ya joto.