Mashine ya kukausha chakula kwa kugandisha: inalifaa jiko letu?

Chama chetu cha akina mama hapa Minnesota kilichanga fedha kikanunua mashine ya nyumbani ya kukausha chakula kwa kugandisha, ya ukubwa wa kati, kwa bei iliyokaribia dola 3,000 tulipojumlisha pampu na gharama za kuisafirisha. Jina la kiwanda nitaliacha, kwa kuwa mashine za aina hii hufanana mno katika utendaji, na ninayotaka kuyapima ni yale yatakayomkuta yeyote atakayeinunua: chakula gani cha kwetu kinakubali kukaushwa hivi, kipi kinakataa, na kama fedha hizo zinarudi. Uamuzi wangu nautoa mapema kwa ajili ya asiye na muda. Kwa mboga za majani, githeri (mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja) na nyama isiyo na mafuta, sijaona njia bora kuliko hii. Kwa vyakula vya nazi na vya kukaangwa ni hasara tupu. Na familia moja isiyo na bustani itoshwe na friza kubwa ya dola mia chache.

Kilichotusukuma ni majani. Huku msimu wa kulima ni mfupi. Ni vigumu kupanda nje kabla ya katikati ya Mei, na jalidi ya kwanza huweza kuangamiza shamba zima kabla Oktoba haijafika nusu. Katika miezi hiyo michache managu (ndiyo mnavu wa ndugu zetu Watanzania), terere, saga, kunde na sukuma wiki huzaa kwa wingi unaowashinda walaji, kisha hufuata miezi ya theluji ambamo pakiti ndogo ya managu yaliyogandishwa huuzwa dukani kwa bei ya nyama. Kuchemsha na kugandisha kwenye friza tulikuwa tukifanya, lakini majani hayo yakiyeyuka huwa teketeke na kujaa maji, na friza nayo hujaa kabla bustani haijachoka.

Mashine yenyewe hufanya kazi hivi. Hugandisha chakula hadi nyuzi 30 au 40 za Selsiasi chini ya sifuri, kisha pampu hufyonza hewa kutoka ndani ya chumba chake mpaka mkandamizo unashuka chini ya sehemu moja ya elfu moja ya ule wa hewa tunayovuta. Mkandamizo ukiwa chini ya milibari 6 hivi, maji hayawezi kukaa katika hali ya kimiminika. Kwa hiyo trei zinapopashwa joto polepole, barafu iliyomo ndani ya chakula haiyeyuki, bali hugeuka mvuke moja kwa moja, na mvuke huo hukimbilia kuta za chumba zilizo baridi na kuganda huko. Anayejua makopa ya muhogo au michembe ya Usukumani, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, anajua kwamba jua hukausha vizuri, ila hukausha kwa kunyausha: kipande hujikunja, hukakamaa, na kukirudisha katika ulaini ni kazi ya saa nyingi. Hapa chakula hubaki na umbo lake, kikiwa na vijitundu vingi palipokuwa na barafu, na maji ya moto yakimiminwa huingia vijitundu hivyo mara moja.

Managu yalinishangaza zaidi ya yote. Tuliyachambua, tukayachemsha kidogo na kumwaga maji yale machungu kama ilivyo kawaida, tukayatandaza kwenye trei kwa unene usiozidi kidole na kuyagandisha kwanza kwenye friza ili kuipunguzia mashine kazi. Mlango ulipofunguliwa, majani yalikuwa yamesimama vilevile yalivyotandazwa, rangi yake ya kijani imekoza wala haikuingia weusi, na ukilishika moja kwa vidole linavunjika na kuwa unga bila sauti. Trei iliyoingia nzito niliinua kwa vidole viwili, jambo lisilo ajabu, kwa kuwa sehemu kubwa ya uzito wa mboga za majani, karibu asilimia 90, ni maji. Februari niliyatia kwenye sufuria yenye vitunguu na nyanya zilizokwisha kuiva, nikaongeza maji ya moto na maziwa kidogo, na kabla sima haijasongwa mboga ilikuwa tayari, ikiwa na ule uchungu wake mwembamba na utafunaji unaokaribia kabisa ule wa mboga iliyochumwa leo. Sukuma wiki ilifanya vizuri pia, ingawa mishipa ya majani ni afadhali iondolewe. Saga ilipoteza harufu yake kidogo. Mrenda, kwa wanaoupenda, hurudi na utelezi wake wote.

Baada ya majani, githeri ndiyo inayostahili sifa. Mahindi na maharagwe makavu huhitaji saa kadhaa jikoni, na hiyo ndiyo sababu vijana wetu waliozaliwa huku hawaipiki. Ikichemshwa kwa wingi mara moja, bila mafuta, kisha ikakaushwa, hurudi kwa maji yanayochemka katika muda wa kunywa kikombe cha chai. Mukimo (viazi vilivyopondwa pamoja na mahindi na majani) hukauka ukawa vipande vinavyosagika kwa mkono. Nyama ya ng'ombe iliyochemshwa na kuondolewa mafuta hurudi vizuri kwenye mchuzi, lakini nyama choma ikirudishwa maji si choma tena. Maembe na ndizi mbivu ni tamu mno, na watoto huzimaliza kabla hazijafika kabatini, kwa hiyo habari za kuhifadhi hazipo. Ugali na chapati msijisumbue: unga unakaa wenyewe.

Sasa nazi, ambako wenzetu wa Pwani waliumia. Mashine hii huondoa maji. Mafuta haiwezi kuyagusa. Kunde za nazi, samaki wa kupaka, wali wa nazi na pilau iliyopikwa kwa mafuta ya kutosha vyote hutoka vikionekana vimekauka, lakini mafuta yaliyokuwa yamechanganyika na maji sasa yamebaki peke yake, yametapakaa kwenye vijitundu vyote, na kila kijitundu ni mlango wa oksijeni. Kunde zilizotiwa tui zito zilikuwa na harufu ya kuchacha mafuta miezi michache tu baadaye, ingawa mifuko ilizibwa vyema. Kufyonza oksijeni kutoka mfukoni huchelewesha jambo hilo, hakuliondoi. Njia iliyofaa ni kuchemsha kunde kwa chumvi na kitunguu tu, kuzikausha, na kutia tui la kopo siku ya kula. Mlaji asiyeambiwa hatajua. Wali mtupu nao hukauka vizuri sana, na samaki asiye na mafuta mengi vilevile, mradi uwe tayari kuvumilia harufu yake ndani ya mashine. Siagi, siagi ya karanga, asali na jemu zisiwekwe kabisa. Asali hufura ikamwagika kwenye trei za chini.

Kuna jambo ambalo matangazo ya mashine hizi hulipitia haraka mno, nalo ni kwamba kukausha kwa namna hii hakuui vijidudu. Kovu la chanjo ya BCG (ya kifua kikuu) lililo kwenye mikono yetu wengi ni ushahidi: chanjo hiyo hutengenezwa kwa bakteria walio hai, na hukaushwa kwa njia hii hasa ili waendelee kuwa hai mpaka watiwe maji. Tulijaribu maziwa lala, na unga uliopatikana ulitosha kuchachusha maziwa mapya, yaani bakteria wake waliamka wakaendelea na kazi. Hilo linafurahisha likiwa la maziwa lala, lakini salmonela ya kuku mbichi au ya mayai mabichi nayo huamka vilevile. Sisi tumekubaliana kwamba nyama na mayai huingia yakiwa yameiva, na anayetaka kukausha nyama mbichi aweke alama kubwa juu ya mfuko na aipike kama nyama mbichi nyingine yoyote. Usafi wa mikono, visu na trei usilegezwe kwa kudhani kwamba mashine itasafisha mambo mbele ya safari.

Kasoro kubwa ya mashine tuliyonunua ni kutangaza kuwa imemaliza ilhali haijamaliza. Kioo huandika kwamba kazi imekwisha, nawe ukivunja kipande cha katikati ya trei unakuta kiini chenye ubaridi, ishara kwamba barafu imo bado. Vipande vinene vya nyama na mafungu ya githeri yaliyorundikwa ndivyo hudanganya zaidi. Dawa yake ni mizani: pima trei, ongeza saa mbili au tatu, pima tena, na usiridhike mpaka uzito uache kupungua. Hili si jambo dogo, kwa sababu chakula chenye unyevu kikifungiwa pamoja na kifyonza oksijeni (kipakiti kinachonyonya oksijeni iliyobaki mfukoni) kwenye mfuko usiopitisha hewa, kinapewa mazingira yale yale yanayopendwa na bakteria wa sumu ya botulini. Kasoro ya pili ilikuwa mpira wa mlango, ambao haukuziba sawasawa tangu mwanzo, hata pampu ikawa inanguruma bila mkandamizo kushuka. Kiwanda kilituma mpira mwingine, ila baada ya barua pepe nyingi kuliko inavyostahili kwa kifaa cha bei hiyo.

Kuhusu ahadi ya matangazo kwamba chakula kilichokaushwa hivi hukaa miaka 25, mimi huichukulia kama upeo wa mambo yakienda sawa yote: chakula kikavu kabisa, kisicho na mafuta, kilichofungwa kwenye mifuko minene ya foili pamoja na kifyonza oksijeni, kikawekwa gizani mahali pa baridi. Mifuko ya plastiki ya kawaida haifai, kwani hewa na unyevu hupenya polepole. Mitungi ya kioo inafaa kwa chakula cha mwaka huu, mradi ikae kabatini. Kazi ya kufunga ifanywe haraka, hasa katika miezi ya joto la Julai ambapo hewa ya hapa ina unyevunyevu mwingi. Majani yaliyoachwa wazi kwenye trei wakati watu wakipiga soga hulainika mbele ya macho yao. Vifyonza vilivyobaki navyo virudishwe kwenye mtungi uliofungwa papo hapo, maana unga wa chuma uliomo huanza kushika kutu mara pakiti inapofunguliwa, na ukiisha kushika kutu wote hauna kazi tena.

Kuishi na mashine hii ndani ya nyumba kunahitaji subira. Pampu hupiga kelele kama ya mashine ya kufagilia zulia, na duru moja huchukua kati ya saa 24 na 40 au zaidi, usiku na mchana. Yetu imewekwa kwenye ghorofa ya chini ya ardhi ya mwenzetu mmoja, ambako pana ubaridi wa wastani. Gereji haikufaa, kwa kuwa huku gereji hugeuka friza Januari na tanuri Julai. Pampu ya bei nafuu hutumia oili, nayo ina kidirisha cha kuitazamia: mvuke ukiingia, oili iliyokuwa angavu hugeuka nyeupe kama tui jepesi, na hapo ni lazima imwagwe, ichujwe au ibadilishwe. Zipo pampu zisizotumia oili, ambazo huongeza bei kwa mamia ya dola, na kama chama kingeniuliza leo ningesema tuongeze. Umeme si mwingi kama tulivyohofia. Kwa wastani wa kilowati moja kwa muda wa saa 30, bili hupanda kwa dola 4 hivi kila duru. Vitunguu na omena vikaushwe siku yao, la sivyo maembe yatakayofuata yatasimulia habari zao.

Nikirudi kwenye fedha, mashine hubeba kati ya kilo 4 na 6 za chakula kibichi kwa duru, na baada ya hapo barafu ya kutani huyeyushwa kabla ya duru nyingine. Kwa mwenye kula mboga za dukani, kukausha kilo 5 za sukuma wiki aliyoinunua ni kuongeza gharama juu ya gharama, na hataiona faida kamwe. Kwa kundi kama letu lenye mashamba kadhaa ya kukodi, likiiwasha mfululizo kuanzia Julai hadi Oktoba kwa zamu iliyoandikwa, gharama kwa kila mwanachama inakuwa ya kuvumilika, na mifuko ndiyo inayobaki kuwa matumizi ya kudumu. Kuuza bidhaa zake ni jambo jingine lenye sheria zake za jimbo, nasi hatujaingia huko.

Baadhi ya wanachama wamewaza kuipeleka mashine ya namna hii nyumbani, Kisii au Nyeri, kwa ajili ya maembe na mboga zinazooza sokoni. Ningeshauri wasinunue ya soko la Marekani kwa kusudi hilo. Hizi hutumia volti 110 na mzunguko wa hezi 60, ilhali umeme wa Kenya ni volti 240 na hezi 50. Transfoma hurekebisha volti lakini haigusi hezi, na mota zilizotengenezwa kwa 60 zitazunguka polepole kwa karibu sehemu moja ya sita. Wako watengenezaji wanaouza mashine za volti 220, na hizo ndizo za kuulizia, pamoja na jenereta au betri, kwa sababu umeme ukikatika katikati ya duru na kukawia kurudi, barafu huyeyuka ndani ya chumba na chakula chote hulowa. Penye jua la kutosha na umeme wa mashaka, kikaushio cha jua chenye karatasi ya nailoni na wavu kitawafaa zaidi kwa sehemu ndogo sana ya bei hiyo, hata kama majani yatatoka yamenyauka.