Shikamoo au Habari kwa Mtu Usiyemjua?

Kwa heshima, shikamoo haina mpinzani: asili yake ni kushika miguu ya mkubwa, na jibu lake, marahaba, huipokea heshima hiyo, ndiyo maana mzee wa Tanzania bara anayeambiwa "habari" tupu na kijana huweza kuona amevunjiwa adabu. Hata hivyo, shikamoo hudai ukadirie umri, na dada aliyekuzidi miaka 3 tu anaweza kuhisi amezeeshwa, jambo linaloumiza kweli. Hapo habari hushinda, kwa kuwa haikudai ukadirie umri. Ukikutana na mwenye mvi Tanga, mwamkie bila kusita. Ukiwa Nairobi, ambako shikamoo husikika kwa nadra, uliza habari.