Somo la Kutua Penye Upepo wa Ubavuni, Uwanja wa Wilson

Katika somo hili, linalotolewa na shule moja ya urubani katika Uwanja wa Ndege wa Wilson, Nairobi, mkufunzi hulinganisha njia mbili ndani ya ndege ndogo ya Cessna 172: kuelekeza pua kule utokako upepo na kuinyoosha karibu na ardhi, au kulaza bawa la upande huo huku pedali zikiilinda pua isiache mstari wa barabara ya kutulia ndege. Naipendelea ya pili, kwa kuwa haimlazimu mwanafunzi kusahihisha kila kitu dakika ya mwisho. Kilichonivutia hasa ni msisitizo kwamba, katika mwinuko wa uwanja huu, unaozidi futi 5,500 juu ya usawa wa bahari, mwendo halisi huzidi ule unaoonyeshwa na kipimo, hivyo ndege huhitaji barabara ndefu zaidi. Muda wa mazoezi, hata hivyo, ni mfupi mno.